Mwewe akimpokonya mtoto samaki, mzazi afanye nini?

Familia nyingi za Mwanza zinaishi na mwewe kama majirani. Huzunguka juu ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, juu ya vichanja vya dagaa na juu ya majalala. Ghafla mmoja hushuka na kuondoka na kipande cha sato kilichokuwa mkononi mwa mtoto, na mtoto hubaki akilia, pengine na mchubuko kwenye vidole.

Wazazi wengine huogopa kwamba siku moja atabeba mtoto. Hawezi. Uzito wake kwa kawaida haufiki kilo 1. Anachofuata ni chakula. Huelea taratibu akitazama chini, hugeuza mkia wake wenye panda kama usukani, hunyakua kwa kucha bila kutua na mara nyingi hula hukohuko angani. Kwa hiyo kinachojeruhi ni kucha.

Kuku humjua vizuri. Mama kuku ana mlio wa hatari ya angani na mwingine wa hatari ya ardhini, na vifaranga wakisikia ule wa angani hujificha. Wapo ndege wanaojinufaisha na hofu ya namna hiyo. Mramba, yule mweusi asiyeogopa kumkimbiza mwewe, alifuatiliwa na watafiti katika jangwa la Kalahari. Huiga milio ya hatari ya ndege wengine na hata ya nguchiro, wenyewe wakikimbia yeye huokota chakula walichoacha. Naye hupata wa kumzidi: kekeo, mwenye tumbo la mistari kama kipanga, hutaga kwenye kiota chake.

Uani, mtoto anayefundishwa kuitambua sauti ya kuku amepata kengele ya bure. Akiisikia, akumbatie sahani yake na kuingia ndani. Mdogo zaidi alishwe chini ya paa au mti wenye kivuli kizito, na matumbo ya samaki yafukiwe badala ya kutupwa karibu na jiko.

Akiparuzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika kadhaa. Lisipakwe majivu wala dawa ya meno. Mzazi aangalie kadi ya kliniki: chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 humkinga mtoto na pepopunda pia. Kama hakuikamilisha, au jeraha ni la kina, apelekwe kituo cha afya. Jicho likiguswa, lisisuguliwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa si cha kuhofia hapa, kwa kuwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha.

Kumtegea mwewe nyama yenye sumu ni hatari kubwa kuliko mwewe mwenyewe. Nyama hiyo huweza kuokotwa na kuku wa nyumbani, au na mtoto anayetambaa.