Farasi ni wa Wazungu? Nani kawaambia?

Sisi huku Overport tuko salama, baridi ya hapa na pale tu. Leo sina picha wala umbea wa mjini, nina ubishi.

Kila ukifika mwezi wa Julai nikipiga simu nyumbani lazima mtu anitanie: "Vipi, na wewe umekwenda kwenye farasi wa Wazungu?" Maana mmeona kwenye televisheni zile mbio za Durban July. Uwanja wenyewe, Greyville, uko chini tu hapa, ukishuka mteremko wa Berea. Magazeti ya mji yanajaa kofia, magauni na kamari, na mnaona kama farasi aliletwa Afrika Kusini pamoja na hizo kofia. Jamani, huo ni uongo, na naomba leo tuuzike.

Ni kweli Greyville ilikuwa yao. Durban July ilikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1897. Mtu mweusi alikuwa saisi: anamlisha farasi, anamsugua, anamtembeza alfajiri, halafu anampandisha mwingine. Joki mweusi wa kwanza kuishinda ni S'manga Khumalo, akiwa juu ya farasi aitwaye Heavy Metal, mwaka 2013. Hesabuni wenyewe, miaka 116! Lakini kufungiwa uwanjani si sawa na kutojua kupanda.

Tutoke mjini kidogo. Karibu na Pietermaritzburg kuna mahali panaitwa Edendale. Mwaka 1851 familia za Waafrika Wakristo, pamoja na mmisionari James Allison, walichanga fedha wakanunua shamba. Walilima, wakabeba mizigo kwa magari ya ng'ombe, wakafuga farasi. Vijana wao wakawa wapanda farasi wa kuaminika hasa. Mwaka 1879 kule Isandlwana, jeshi la Kizulu lilipowashinda Waingereza, wapanda farasi wa Edendale chini ya Simeon Kambule walirudi nyuma kwa mpangilio, wakavuka mto Mzinyathi, kisha wakageuka na kufyatua risasi ili wengine wapate kuvuka. Mtaniuliza, si walikuwa upande wa mkoloni? Ndiyo, na hilo lina mjadala wake. Hapa nauliza nani alikuwa juu ya tandiko, na jibu ni kijiji cha Waafrika, miaka 18 kabla ya hiyo Durban July.

Upande wa pili wa milima ya Drakensberg, Mfalme Moshoeshoe wa Basotho alipata farasi karibu na mwaka 1830. Haukupita muda mrefu Basotho wakawa taifa la wapanda farasi, na mpaka leo kuna vijiji vya Lesotho ambako farasi ndiye daladala.

Sasa kwa nini hayo hamuyasikii? Kwa sababu farasi anataka malisho, na malisho yalichukuliwa. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwabakizia Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi. Baadaye serikali ikawa inawaamuru watu wapunguze mifugo yao. Mwaka 1983 kule Bophuthatswana, serikali ya Mangope ilituma watu wakapiga risasi maelfu ya punda wa wanavijiji. Punda! Halafu leo mtu anakuja na kamera kusema kwamba watu weusi "wameanza kupenda" farasi...

Ndiyo maana jina la Dundee July linanikera. Hizo ni mbio kubwa za farasi wa vijijini, huko Dundee, kaskazini mwa jimbo letu la KwaZulu-Natal. Wanavijiji wanaleta farasi wao wenyewe. Kuna mbio za shoti, na kuna mtindo wa umtelebhelo, farasi anakwenda kwa hatua za haraka zilizopangika bila kupiga shoti. Wazee wetu wa pwani wangesema anakwenda telki. Mchezo huo una adabu zake na wajuzi wake, na Greyville haufundishwi. Lakini ukiuita July, mgeni anadhani ni mtoto wa ile ya mjini aliyevalishwa nguo kuukuu za kakaye. Udhamini ni mzuri, zawadi ni nzuri, daktari wa mifugo ni mzuri zaidi. Ila anayekupa fedha asikupe na tarehe ya kuzaliwa.

Na sisi tusicheke. Lamu wanashindana kwa punda wakati wa Maulidi, vijana wanapanda bila tandiko, na wapo kati yenu wanaoita huo ushamba. Nani ameandika majina ya washindi wa zamani? Nani anajua punda gani alitamba enzi za babu zetu? Tukinyamaza, siku moja kampuni ya simu itatundika bango lake na kutuambia mchezo ulianza siku hiyo.

Kwa hiyo nawatuma. Chukueni daftari, mkakae na wazee, mwandike: nani alifuga, nani alishinda, walikimbilia wapi. Mkishapata, nitumieni.

Salamu kwa bibi na wote wanaoniulizia. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.