Maji ya Ziwa na Ujuzi wa Kuyatunza

Katika karne ya 19 msafara uliotoka pwani, ukiisha kupita Tura na Rubuga, ulifika Kigwa, na hapo wapagazi walijua kwamba Tabora i karibu. Kwenda walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Kurudi walibeba pembe za ndovu. Wasafiri wa Kizungu, kama Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, wameifanya njia hiyo ijulikane sana. Lisilojulikana sana ni kwamba sehemu kubwa ya biashara hiyo iliendeshwa kwa mkopo, na mkopo wenyewe aghalabu ulitoka kwa Wahindi. Nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ilishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi na kuwakopesha wenye misafara. Huko Kaze, mahali palipo Tabora ya leo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeitwa Musa Mzuri alikwisha kufanya makazi yake kabla Burton hajafika. Maneno pesa, laki, hundi na bima, ambayo mwanafunzi wa leo huyatamka bila kuwaza yametoka wapi, yaliletwa na biashara za namna hiyo.

Haifai, hata hivyo, kuisifu biashara ile kupita kiasi. Watumwa walipitishwa katika njia hiyohiyo. Pembe zilikwenda, nguo zikachakaa. Wanyamwezi walikuwa na wafumaji wa pamba na wafua chuma wao wenyewe, lakini ujuzi huo haukukuzwa na mkopo wala na msafara. Lugha ilitajirika, karakana haikuongezeka.

Mkopo wa siku hizi ni wa namna nyingine, maana ni wa serikali kwa serikali. India, kwa njia ya Benki yake ya Exim, iliikopesha Tanzania dola za Marekani milioni 268.35 ili maji ya Ziwa Victoria yaliyokuwa yamekwisha kufika Shinyanga na Kahama yaendelezwe hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kazi imekamilika na maji yamefika. Mtu anayeijua Tabora ya mwezi wa Septemba, mito ikiwa mchanga mtupu na ndoo zikiwa zimepangwa kisimani tangu alfajiri, hawezi kuidharau kazi hiyo.

Lakini bomba si kama barabara ambayo, ikiisha kujengwa, hupitika hata mjenzi akiwa amekwenda zake. Maji husafishwa Ihelele, kando ya ziwa, kisha husukumwa na pampu kupanda mlima hadi kwenye tangi, ndipo yaanze kuteremka yenyewe. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kupiga hesabu. Meta ya ujazo moja ya maji ina kilo 1,000. Kuiinua meta 100 kunadai jouli 980,000, yaani kilowati-saa 0.27. Pampu ikitumia vizuri asilimia 70 tu ya umeme inaopewa, hesabu inafika karibu kilowati-saa 0.39, na hapo msuguano ndani ya bomba haujahesabiwa. Gharama hiyo hurudi kila siku, mwaka hata mwaka, na haimo katika mkopo wa ujenzi. Valvu hulika, mota huungua, klorini hupungua njiani. Anayeyajua mambo hayo ndiye mwenye mradi, hata kama jina lake halimo katika mkataba.

Hapa ndipo penye neno la kusema. Kwa kawaida mikopo ya India ya aina hii hutaka angalau asilimia 75 ya thamani ya vifaa na huduma itoke India. Sharti hilo si la ajabu. Mataifa mengi yanayokopesha hufanya vivyo hivyo. Ila maana yake ni kwamba mwenye kukopa hupata bomba, na mwenye kukopesha hupata soko pamoja na uzoefu wa mafundi wake. Tanzania isipodai ujuzi kwa maneno yaliyoandikwa, haitaupata kwa urafiki peke yake. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi kutoka nje ili kuwalinda wakulima wake, bei ilianguka vibaya kwa wakulima wa Tanzania. Haikuwa uadui, bali kila serikali hutazama wananchi wake kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mama wa kijijini hahitaji mjadala huu, anahitaji maji. Ni kweli, mpaka siku bomba litakapokauka na kipuri kikawa bado melini.

Wala India haikunyima elimu. Mpango wake wa mafunzo uitwao ITEC ulianza mwaka 1964 na Watanzania wengi wamenufaika nao. Mwaka 2023 chuo cha teknolojia cha IIT Madras kilifungua tawi Zanzibar, kikianza na sayansi ya takwimu na akili bandia. Ni elimu ya heshima. Lakini kwa nchi inayokopa kwa ajili ya pampu na mabomba, uhandisi wa maji ungestahili kutangulia.

Nafasi ya kurekebisha ingalipo. Mkopo mwingine wa India, wa dola milioni 500, umeelekezwa katika maji ya miji 28, ikiwamo Sikonge, Urambo na Kaliua katika mkoa huohuo. Mikataba ya ujenzi ilitiwa sahihi mwaka 2022. Kila mkandarasi angetakiwa kufanya kazi na vijana wa Chuo cha Maji cha Dar es Salaam tangu kuchimba mtaro hadi kujaribu pampu, na kuacha michoro na maelekezo ya matengenezo kwa Kiswahili. Tangu sheria ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini huendeshwa na vyombo vya jamii chini ya RUWASA. Fundi wa chombo cha namna hiyo katika kata kama Kigwa aghalabu ni mtu wa kidato cha nne. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya valvu iliyokwama, na kitabu mkononi.