SAFARI NA WATOTO, SEHEMU YA 5: Mgahawa achague yule mdogo kuliko wote

Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu dawa za kubeba safarini. Leo naomba tuongee jambo ambalo wengi wanaliona la starehe tu: kutoka kula usiku na watoto mkiwa wageni Dar.

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, familia nyingi za huku kwetu zinashuka Dar kirahisi. Ijumaa mmeondoka, Jumapili mmerudi. Mnafikia kwa ndugu, na jioni moja lazima mwenyeji aseme, "Leo hakuna kupika, tunatoka." Ni upendo huo, mimi siukatai. Tatizo langu ni namna tunavyochagua pa kwenda. Tunaangalia upepo wa bahari, taa, muziki, na kama picha zitatoka vizuri. Hakuna anayeuliza kuhusu mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na huyo ndiye chakula kibaya kitamwangusha wa kwanza.

Kaa nikusimulie yangu.

Mwanangu wa pili alikuwa na umri huohuo. Shemeji, kaka yake mume wangu, akatualika sehemu nzuri kweli, chakula kimepangwa mezani, kila mtu anajipakulia. Kwa sababu ya foleni tukafika saa tatu usiku imeshapita. Nikampakulia mtoto wali na samaki, nikatia kidole ili nipoze kabla ya kumlisha. Kumbe hakukuwa na cha kupoza. Wali ulikuwa vuguvugu, samaki baridi kabisa.

Jamani, mimi ni nesi. Kila siku nawafundisha wenzangu mambo haya. Lakini siku ile niliona haya. Shemeji ndiye analipa, wifi ameshapasifia mahali penyewe wiki nzima, halafu mimi mgeni nianze kurudisha sahani? Wangesema najidai. Nikamlisha.

Saa saba usiku akaanza kutapika, halafu akaharisha. Kufika alfajiri macho yamezama, analia bila machozi. Tukakimbilia hospitali akawekewa dripu. Alipona, namshukuru Mungu. Siwezi kuapa kwamba ni wali ule, maana mtoto anaokota vijidudu popote, hata kwenye siti ya treni. Ila najua niliona kitu nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa nikuambie kwa nini nilipaswa kusema. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake ya magonjwa yanayotokana na chakula. Watoto chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 9 tu ya watu duniani, lakini karibu theluthi moja ya vifo vya magonjwa hayo vilikuwa vyao. Mwili mdogo una maji kidogo, ukiharisha na kutapika usiku mmoja unakauka haraka. Wewe utasema "tumbo limenivuruga" na utaenda kazini. Yeye hana akiba hiyo.

Shirika hilohilo linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuwekwa kwenye baridi, na cha moto kiendelee kuwa cha moto hasa, zaidi ya nyuzi 60, mpaka kinaliwa. Vuguvugu ndiyo hali vijidudu wanayoipenda kuzaliana. Na usidanganywe na "tutakipasha". Kuna vijidudu vya kwenye wali ambavyo mbegu zake hazifi wali ukichemka. Wali ukikaa muda mrefu nje, zinaamka na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata ukipasha tena.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: ukiwa na mtoto mdogo, usichague mgahawa kwa uzuri wala kwa bei. Chagua kwa moto na kwa saa.

Moto maana yake chakula kitoke jikoni kwenda mezani kwako bila kupumzika njiani. Mishkaki inayogeuzwa unaiona, imeiva mpaka ndani. Samaki anayekaangwa baada ya wewe kuagiza. Mihogo ya Coco Beach ikitoka kwenye mafuta sasa hivi. Chipsi mayai, ila yai liive kabisa, lisiwe na majimaji katikati. Ndizi nyama inayotoka kwenye sufuria inayochemka. Mama lishe anayepika kidogo, wateja wengi, chakula kinaisha anapika kingine, huyo namwamini kuliko meza ya kifahari iliyopangwa tangu jioni. Bei haiui vijidudu.

Saa maana yake nendeni mapema. Mkikaa mezani saa kumi na mbili jioni jikoni bado hapajazidiwa, na mtoto bado ana akili yake. Mkikaa saa tatu mtoto amechoka, analia, na wewe utamlisha chochote ilimradi anyamaze. Foleni ya Dar jioni unaijua, hivyo chagueni karibu na mlipofikia. Upepo wa bahari mtaufuata mchana.

Ukishakaa, usione haya kuangalia. Kuna bomba na sabuni ya kunawa? Choo kikoje? Maji ya chupa yafunguliwe mbele yako. Kachumbari na saladi ni vya wakubwa, ndimu haifanyi kazi ya moto. Juisi ya barafu mtoto asubiri nyumbani, kwa sababu kugandisha maji machafu hakuyafanyi kuwa safi. Samaki mchambue kwa vidole vyako, usiachie taa za rangi zikufichie miiba.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, unataka tule kwa hofu, sisi tumekula vya barabarani na tumekua." Ni kweli tumekua, na mimi nilikuwemo. Wapo ambao hawakukua, na hao hawapo hapa kutusimulia. Sisemi mkae ndani mle biskuti. Nasema mtoke, mle vizuri, mcheke, ila chakula cha mtoto kiwe kinafuka moshi.

Linabaki lile la aibu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Usisubiri mpaka mko mezani. Sema mapema, mchana, kwa heshima: "Shemeji, tunashukuru sana. Ila huyu mdogo analala saa mbili na tumbo lake jepesi. Tunaomba twende mapema, mahali wanapopika papo hapo." Mimi safari iliyofuata nilisema hivyohivyo, sauti inatetemeka kidogo. Shemeji akacheka, akasema, "Kumbe! Ungesema tangu zamani. Baba mkubwa gani atakataa?" Tulikula samaki wa kukaanga kwenye meza za plastiki, na saa mbili mtoto alikuwa amelala begani kwangu.

Na bado beba ORS kwenye pochi. Soma pakiti inataka maji kiasi gani: nyingi ni lita 1, zipo pia za nusu lita. Tumia maji safi. Mtoto chini ya miaka 2 mpe robo mpaka nusu kikombe kila akiharisha, kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika subiri dakika 10, endelea polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa, amelegea, au macho yamezama, usisubiri kuche. Nenda hospitali usiku huohuo, na huko uliza kuhusu zinki.

Safari ijayo ukialikwa, kabla hamjapanda bajaji, mwangalie yule mdogo kuliko wote. Uliza yeye anaweza kula wapi, na wengine wote mfuate huko. Sehemu ya 6 tutaongea kuhusu kulala ugenini: chandarua, joto, na kitanda cha wageni.

Ni mimi, nesi wenu.