Mkulima wa Kinango Hakuandikwa, Lakini Hakupotea

Wanafunzi wetu wanaotafiti nasaba zao hukimbilia Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Anayemtafuta mkulima Mduruma aliyelima mtama Kinango kabla ya himaya ya Waingereza kutangazwa mwaka 1895 ataambulia machache huko. Krapf na Rebmann, waliokaa Rabai tangu miaka ya 1840, waliandika zaidi habari za lugha, dini na safari zao.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa ni swali tunalouliza. Tunauliza jina la baba tu. Waduruma wa zamani walihesabu ukoo pande mbili: shamba lilifuata kuumeni, mifugo ikafuata kukeni na kuwaangukia wapwa. Tena mjukuu hupewa jina la babu. Majina mawili hupokezana vizazi hata vizazi, na mgeni hudhani ni mtu mmoja, kumbe ni watatu! Wazee huwatenganisha kwa njaa, mathalani ile ya Mwakisenge ya miaka ya 1880.

Utafiti na uanzie kwa bibi, basi. Aulizwe ng'ombe walirithiwa na nani, na hapo watatajwa wajomba ambao hakuna karani aliyewaandika.