Sinema ya Kufunga Shule: Nani Ameitazama Kwanza?

Shule zinapokaribia kufungwa, walimu wengi wa maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet hukabiliwa na swali ambalo halimo katika silabasi yoyote: wanafunzi waonyeshwe filamu gani? Mitihani imekwisha, ripoti zimeandikwa, mvua ya alasiri imeanza kugonga mabati, na ukumbi umejaa watoto wasiotulia. Mara kijana mmoja wa Gredi ya 9 hutoa flashi mfukoni, mwalimu wa zamu akaiunganisha na projekta, taa zikazimwa. Hapo uamuzi umekwisha kufanywa, na aliyeufanya si mwalimu, si mzazi wala Serikali. Ni yule kijana.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana, na limezidi kuwa kubwa katika miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka wa 2016, Serikali ilipozigawia shule za msingi za umma vishikwambi, iliziletea pia projekta, na darasa lolote lenye umeme na ukuta mweupe likaweza kugeuzwa ukumbi wa sinema. Kisha Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi wakaanza masomo, na ikaamuliwa wabaki katika shule zile zile za msingi. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa chekechea mwenye umri wa miaka 4 na mvulana wa miaka 15 aliyeanza kubadilika sauti wamo ndani ya ua mmoja, na siku ya mwisho ya muhula huketi mbele ya ukuta mmoja. Filamu iliyochaguliwa ili mkubwa asichoke hutazamwa pia na mdogo aliyekaa mbele kabisa, maana wadogo ndio huwekwa mbele wapate kuona.

Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka wa 1962, na Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) ndiyo yenye jukumu la kuzitazama filamu na kuzitia alama: GE kwa familia nzima, PG kwa zile zinazohitaji mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Mwalimu aonaye alama ya 18 na bado akaendelea kuwaonyesha watoto hana la kujitetea, na hatutapoteza wino juu yake. Taabu iko kwingine. Filamu za ujasiri, zile za wasafiri waliopotea, hazina zilizofichwa na wanyama wakubwa kuliko nyumba, aghalabu huangukia katikati, penye PG; na alama hiyo ni nusu ya sentensi tu. Yasema mzazi aongoze. Mzazi yupi? Mchumaji wa majani chai huondoka nyumbani alfajiri, umande haujakauka, na ujira wake huhesabiwa kwa kilo. Hawezi kuacha kikapu chake aje kumwongoza mwanawe katika filamu ya saa mbili. Shuleni, mzazi wa watoto mia tatu ni mwalimu mmoja wa zamu, naye yamkini yuko ofisini akijumlisha alama.

Tusidhani kwamba wenzetu waliotutangulia katika utengenezaji wa sinema walilitatua suala hili mapema. Mnamo Mei 1984 filamu ya Indiana Jones and the Temple of Doom ilitolewa Marekani ikiwa na alama ya PG, na ndani yake mtu akang'olewa moyo kifuani kwa mkono mtupu. Mwezi uliofuata ikaja Gremlins, nayo PG, na wazazi walioipeleka familia kuburudika wakatoka wakilalamika. Kufikia Julai 1 mwaka huo huo, alama mpya ya PG-13 ilikuwa imeanzishwa. Steven Spielberg, aliyeiongoza ile ya kwanza na kusimamia utayarishaji wa ile ya pili, ndiye aliyependekeza daraja hilo la kati. Yaani mwenye kazi mwenyewe alikiri kwamba palihitajika kituo kingine kati ya mtoto na mtu mzima. Na hata baada ya kituo hicho kuwekwa, hukumu hazikulingana. Jurassic Park, aliyoiongoza Spielberg mwaka wa 1993, ilipewa PG-13 Marekani, lakini Uingereza ikapewa PG pamoja na tahadhari kwamba huenda ikawasumbua watoto wepesi wa kuogopa. Filamu moja, mwaka mmoja, hukumu mbili.

Tuitazame hiyo Jurassic Park kwa makini, kwa kuwa ukoo wake haujakoma, umezaa filamu nyingine hadi ile ya 2025, na ndiyo aina ya filamu ambayo kijana mwenye flashi huipenda. Damu yake si nyingi. Lugha yake si chafu sana. Ukiipima kwa mizani ya kawaida ya wakaguzi, ya kuhesabu matusi, mabusu na majeraha, itapita. Lakini mtoto wa miaka 7 hahesabu. Yeye huona watoto wawili, rika lake au wakubwa kidogo kuliko yeye, wakijificha jikoni huku mijusi wenye akili wakiwawinda katikati ya masufuria. Huona mtu mzima aliyewakimbia watoto hao akajificha chooni, kisha paa likabomolewa naye akaliwa angali ameketi. Mkubwa hucheka. Mdogo hurudi nyumbani, katika safu za nyumba za wafanyakazi, ambako choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja wenye giza, na ukungu wa Kericho umekwisha shuka. Usiku huo hatatoka peke yake, na huenda asitoke kwa majuma kadhaa. Mamaye aliyechoka atafua matandiko asijue sababu, na pengine atamchapa mtoto kwa ajili ya kosa la filamu.

Hakuna alama iliyobandikwa London wala Nairobi inayojua choo cha mtoto huyu kiko wapi. Mwalimu wake anajua.

Wataalamu wamelichunguza suala la hofu ya watoto kwa undani. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aliyeandika kitabu juu yake mwaka wa 1998, alitumia miaka mingi kuwauliza watoto na wazazi juu ya yale yaliyowatisha. Aligundua kwamba mdogo huogopa kinachoonekana kuwa cha kutisha, na mkubwa huogopa kinachoweza kutokea kweli. Watoto wa umri wa chekechea walitishwa mno na mtu mwema aliyegeuka jitu la kijani kibichi katika mfululizo wa The Incredible Hulk, ingawa jitu hilo lilikuja kuwasaidia watu. Kinyume chake, The Day After, filamu ya mwaka wa 1983 juu ya vita vya nyuklia, iliwasumbua wazazi kuliko wana wao wadogo. Tena alionyesha kwamba kumwambia mtoto mdogo maneno kama "si kweli, ni mchezo tu" hakumfai sana. Humfaa zaidi mkono wa kushika, blanketi, na mtu wa kumkumbatia. Maelezo humfaa aliyepita miaka 8 hivi. Mwalimu apazaye sauti kutoka nyuma ya ukumbi kwamba hao ni mijusi wa plastiki na kompyuta, awe na hakika anasikiwa na Gredi ya 5, si na Gredi ya 1.

Hapa msomaji atauliza, na ana haki: mbona bibi zetu walitutisha nasi hatukuharibika? Kweli walitutisha. Wakipsigis na jirani zao Wanandi wana Chemosit, zimwi la mguu mmoja, nusu mtu nusu ndege, ambalo kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa na huwala watu, watoto wakiwamo. Sidhani kama kuna mtengenezaji wa filamu aliyebuni kitu cha kuogofya kupita hicho. Lakini Chemosit alisimuliwa na kogo kando ya moto, na kogo alikuwa akiutazama uso wa kila mjukuu. Alipoona mmoja ameanza kutetemeka, alimvuta karibu, akaharakisha mwisho, akamfanya zimwi aanguke matopeni, watoto wakacheka. Hadithi ile ile ilikuwa ndefu kwa wakubwa na fupi kwa wadogo. Filamu haina macho. Itamla yule mtu chooni kwa kasi ile ile, mbele ya mtoto wa miaka 4 na mbele ya mzee wa miaka 70.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotaka filamu za ujasiri zipigwe marufuku shuleni. Marufuku hayo yatawapeleka watoto kwenye vibanda vya video katika vituo vya biashara. Huko filamu nyingi huja zikiwa zimetiwa sauti na wasimulizi wetu, ambao mashuhuri zaidi ni DJ Afro. Sanaa hii, iliyo na ndugu yake huko Uganda, si ya kudharauliwa. Imemwezesha mchumaji asiyejua Kiingereza kufurahia filamu kama mwenye shahada. Lakini anayetegemea alama na atambue jambo moja: mkaguzi aliyeitia filamu alama alisikia maneno ya asili. Msimulizi anapoongeza ya kwake, awe na adabu au asiwe nayo, hiyo imekuwa filamu nyingine, na anayepaswa kuisikiliza upya ni mtu mzima aliye karibu.

Tena mizani ya kuhesabu majeraha hukosea upande wa pili pia. The Lion King ya mwaka wa 1994, yenye majina ya Kiswahili ambayo watoto wetu huyatamka vizuri kuliko walioyabuni, ilipewa alama ya G kule kwao, yaani yafaa kwa wote. Ndani yake simba baba hukanyagwa na nyumbu hadi kufa, na mwanawe huaminishwa kwamba ndiye aliyemuua. Kwa darasa lenye mtoto aliyemzika babaye muhula huo, hiyo si filamu ya vikatuni. Na ile kazi nzuri ya Mkenya mwenzetu Likarion Wainaina, Supa Modo ya mwaka wa 2018, haina panga wala bunduki ya kutisha. Ni habari ya Jo, msichana wa miaka 9 apendaye filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambaye anaugua ugonjwa usio na tiba. Kijiji chake chaungana kumfanya shujaa katika filamu yao wenyewe. Waamuzi watoto wa tamasha la Berlin waliitaja kwa heshima mwaka huo. Tungependa kila Gredi ya 6 ya Bomet iione. Lakini tusingeiwasha Ijumaa ya mwisho saa nane mchana, watoto wakatoka baada ya Jo kufa, wakaenda nyumbani kwa wiki kadhaa bila mtu wa kuzungumza naye. Filamu ya namna hiyo ni ya katikati ya muhula, na siku ifuatayo pawe na kipindi cha kuijadili.

Liko na jambo lingine ambalo mgeni hawezi kulijua. Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi walifukuzwa katika mashamba ya chai ya Kericho, na nyumba zikachomwa kwenye mpaka wa Sotik na Borabu, pale Chebilat. Watoto wa siku zile leo ni wazazi, na baadhi yao ni walimu. Filamu ya ujasiri isiyo na kijiji kinachoteketezwa ni nadra. Kwa mwanafunzi wa leo moto huo ni kioja cha kwenye ukuta. Kwa mwalimu aliyesimama kando ya projekta huenda usiwe. Na mtoto humsoma mwalimu wake kabla ya kuisoma filamu.

Kwa hiyo flashi ya yule kijana ipokelewe Jumatatu, si Ijumaa. Mwalimu aitazame mpaka majina ya mwisho yapite, akijiuliza ni nani katika watoto wake atakayelala macho. Tunajua kwamba hizo ni saa mbili za mtu aliyechoka, mwisho wa muhula, asiyelipwa kwa kazi hiyo. Chekechea na Gredi za 1 hadi 3 huenda nyumbani mapema kuliko wenzao. Basi filamu yao iwe ya asubuhi, isiyozidi saa moja, dirisha moja liachwe wazi, na kiti cha mwalimu kiwe katikati yao badala ya mlangoni. Wakubwa watapata yao baada ya wadogo kuondoka, tena wataifurahia zaidi bila kilio cha mtoto wa mbele. Mwalimu akikosa msaidizi, kamati ya wazazi itafute mmoja au wawili wa kuketi na watoto. Viwanda vya chai hufanya kazi usiku na mchana majani yanapokuwa mengi, na mzazi wa zamu ya usiku huwa nyumbani asubuhi. Ana usingizi wake, kweli, lakini aulizwe.