Tusiseme "Amepiswa" Tukamaliza

Wahenga walinena kwamba utu uzima dawa, nami sina ugomvi nao. Lakini huyo aliye dawa akiugua yeye mwenyewe, nani atamtibu? Swali hili limenikaa moyoni tangu siku nilipokaa kwenye benchi la zahanati moja ya hapa Mombasa pamoja na mama yangu mkubwa, na leo naona nilitoe hadharani.

Mama mkubwa alikuwa mwalimu wa chuo katika Mji wa Kale. Watoto wengi wa mtaani kwetu walianzia alifu kwake. Ukitaka kujua fulani alizaliwa mwaka gani, au deni la nani halijalipwa, ulikwenda kumuuliza yeye. Kisha akaanza kutia chumvi mbaazi mara mbili, nasi tukacheka. Akaswali adhuhuri, akaiswali tena, na tena. Tukasema ni ucha Mungu. Halafu akamtuhumu mkazamwana wake kwamba amemwibia bangili, kumbe bangili zimo ndani ya mtungi wa mchele alikozitia kwa mkono wake. Hapo hatukucheka tena, maana nusura ndoa ivunjike. Usiku mmoja alionekana Makadara peke yake, akimngoja mumewe arudi kutoka safari. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha kuzikwa miaka ishirini nyuma.

Tulimpeleka zahanati mara tatu. Mara zote tatu jawabu lilikuwa moja, wala halikuchukua dakika tano: "Huo ni uzee tu. Amepiswa. Mvumilieni." Tukapewa vidonge vya maumivu tukarudi nyumbani. Mganga naye akaona pepo, akataka mbuzi na ubani. Dukani tukauziwa vidonge vya mafua, vile viletavyo usingizi, ili usiku alale nasi tulale. Badala yake akazidi kuchanganyikiwa.

Mara ya nne tulikwenda zahanati nyingine tukamkuta muuguzi kijana. Alimwamkia mgonjwa kwanza, kisha akatugeukia sisi tunaoishi naye. Je, mambo haya yalianza lini? Yalikuja polepole au ghafla? Anaweza kujivika nguo mwenyewe? Anameza dawa gani? Akampima presha, sukari na mkojo. Mkojo ulikuwa na maradhi, akayatibu. Vile vidonge vya mafua akavipiga marufuku, kwa kuwa huwavuruga wazee akili. Baada ya wiki moja kelele za usiku zilipungua. Kusahau hakukuondoka, na muuguzi alikwisha kutwambia mapema kwamba hakutaondoka. Lakini alitupa jina la ugonjwa, dimensia, na akamwambia mkazamwana: "Akisema bangili zimeibwa, usibishane naye. Zitafuteni pamoja."

Muuguzi yule hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa amefundishwa, basi.

UZEE NA UGONJWA

Ndugu zangu, dimensia si uzee. Uzee humfanya mtu asahau alipoweka miwani. Ugonjwa huu humfanya asahau miwani ni ya nini. Ni kuharibika kwa ubongo, na aina inayoonekana zaidi ni ile iliyoelezwa mwaka 1906 na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa milioni 57 ulimwenguni mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu.

Wapo watakaonikumbusha Hadithi isemayo kwamba kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Nakubali. Lakini Hadithi hiyo hiyo inatuamrisha tujitibu. Na Kurani, katika Suratun-Nahl aya ya 70, imekwisha kututajia hali ya mtu kurudishwa kwenye umri dhaifu asijue kitu baada ya kujua. Jambo tulilotajiwa waziwazi hivyo halifai kutustaajabisha, seuze kulionea haya. Isitoshe, familia inahitaji kujua lini kalamu imeondolewa kwa mzee wao, ili wasimlazimishe saumu wala kumkemea kwa swala.

Wengine husema: ikiwa ugonjwa hauponi, faida gani kuutambua? Faida ni nyingi. Kwanza, si kila aliyechanganyikiwa ana dimensia. Tezi la shingo likilegea, vitamini B12 ikipungua, huzuni ikimzidi mtu, au dawa zikigongana mwilini, akili huvurugika, na hayo yote hutibika. Pili, kundi la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya ugonjwa huu ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa, yakiwemo presha, sukari, uvutaji wa sigara, uziwi na upweke. Presha na sukari, nani asiyezijua hapa pwani? Tatu, familia inayojua jina la ugonjwa haimpigi mzee, haimfungi kamba, wala haimwiti mchawi.

Hilo la uchawi si la kupita haraka. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo miaka nenda miaka rudi, hata ikabidi wajengewe kimbilio Kaya Godoma. Kisii nako, Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa moto. Sidai kwamba wote walikuwa na dimensia. Lakini mzee atangatangaye usiku, asemaye peke yake na asiyeweza kueleza kwa nini yumo uani mwa jirani, ni mwepesi kushukiwa. Neno moja la muuguzi anayeaminika kijijini laweza kumwokoa.

MASWALI YA KWETU

Mabingwa wa maradhi ya akili na ubongo ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Mzee wa Faza au wa Vanga hatawafikia. Atakayemwona ni afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati, na hao ndio wa kufundishwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mwongozo kwa ajili ya watu kama hao wasio mabingwa, na dimensia imo ndani yake. Kule Makueni, wahudumu wa afya wa vijijini wamewahi kufundishwa kuwapima wazee kumbukumbu zao. Basi haliko mbali nasi jambo hili.

Ila mafunzo hayo yasiletwe yakiwa yamefungwa kwenye karatasi za Ulaya. Ukimuuliza mama mkubwa tarehe ya leo kwa Kizungu, atakosa hata angekuwa mzima, kwa kuwa yeye huhesabu mwezi kwa kuandama na saa kwa swala. Ukimpa kalamu achore umbo, atakuangalia tu. Upande wa pili, ukimwomba asome Yasini, ataisoma asikosee herufi, nawe utasema hana ugonjwa, ilhali hajui kama amekula leo. Lililohifadhiwa utotoni ndilo hukawia kutoka. Muulize, basi: swala gani imepita? Huu mwezi gani, Rajabu au Shaabani? Nani amezikwa mtaani wiki hii? Kisha mwulize anayempikia.

Sisemi wauguzi ni wavivu. Mwenye foleni hadi mlangoni hapati nafasi ya kuuliza habari za bangili. Kwa hivyo serikali zetu za kaunti, ambazo ndizo zenye dhamana ya zahanati, ziwape mafunzo na pia wakati: siku moja katika wiki ya kliniki ya wazee, kama ilivyo ya waja wazito. Wahudumu wa jamii walipewa vyombo vya kupimia presha na sukari mwaka 2023; waongezewe na maswali machache ya kumbukumbu. Na maimamu wetu, mnapotukumbusha wema kwa wazazi, mtwambie pia kwamba kumpeleka mzee zahanati mapema ni sehemu ya wema huo.

Mama mkubwa hanijui jina sasa. Huniita kwa jina la kaka yake, nami huitikia. Hakuna anayemkemea tena, na mkazamwana aliyeitwa mwizi ndiye anayemlisha. Amani hiyo tuliletewa na muuguzi mmoja aliyejua la kuuliza. Nataka kila zahanati ya pwani hii iwe naye mmoja.