Dawa haipogoi mkahawa

Mkulima wa arabika Karagwe na Kyerwa, acha kukimbilia duka la dawa kila umwonapo kunguni wa kahawa. Mdudu huyu hupenda mti mnene wenye giza, na giza hilo umelilea mwenyewe kwa kutopogoa. Hufyonza maua na matunda mabichi. Buni hubaki na madoa. Kwa jirani zetu Rwanda na Burundi anahusishwa na kahawa yenye ladha ya kiazi kibichi. Ukipuliza ovyo, unaua pia nyigu wadogo wanaoshambulia mayai yake.

Baada ya mavuno pogoa, toa machipukizi, mwanga uingie. Kagua chini ya majani: mayai hukaa kama 12 pamoja. Yaponde.

Nawe mnunuzi, usichanganye buni yenye madoa na safi. Gunia moja baya hutuharibia jina sote.